Homa Kuu ya 1918: Kwa Nini Kimberley Walikufa Wengi Zaidi?

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike ukurasa wa historia kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, nilikumbuka deni la zamani. Nilipokuwa nikifundisha Kidato cha Tatu, niliwaambia wanafunzi kwamba homa ya mafua ya mwaka 1918 iliua watu sawasawa, kwa kuwa ugonjwa haubagui. Kijana mmoja wa nyuma akasimama: "Mwalimu, nani alihesabu?" Nilimwamuru aketi. Kengele ikaniokoa. Leo nalipa.

Sisi tuliozaliwa Rungwe tuliijua Afrika ya Kusini kwa vinywa vya baba zetu, waliochukuliwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg katika miaka ya 1950. Basi mfano wangu nautoa huko huko migodini, zaidi ya miaka thelathini kabla yao.

Septemba 1918 homa iliingia Afrika ya Kusini kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa bandari ya Durban. Kutoka hapo ilipanda kwa reli hadi migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, yaani Johannesburg na miji jirani. Ilikuwa nyepesi: wengi waliugua, wachache walikufa.

Mlango wa pili ulikuwa Cape Town. Meli mbili, Jaroslav na Veronej, zilikuwa zikirudisha vibarua Waafrika waliotumika katika vita huko Ulaya. Njiani zilitia nanga Freetown, Sierra Leone, ambako homa kali ilikuwa imekwisha kupamba moto. Zilipofika, wagonjwa walipelekwa hospitali, na wengine wakatengwa siku chache, kisha wakapanda garimoshi kwenda makwao. Oktoba ilipofika, Cape Town ilikuwa ikizika watu kwa maelfu.

Reli ya kutoka Cape hufika Kimberley, mji wa almasi. Wachimbaji Waafrika wa kampuni ya De Beers, kiasi cha 11,000, walikaa katika makambi yaliyozungushiwa ua. Katika majuma machache, zaidi ya mmoja katika kila watano alifariki. Katika mji mzima walikufa watu zaidi ya 4,500. Lakini kule Witwatersrand, penye wachimbaji wengi mara nyingi zaidi, hakufa hata mmoja katika kila hamsini.

Kwa nini? Wanafunzi hujibu upesi: msongamano. Lakini makambi ya dhahabu nayo yalisongamana, na vumbi la mgodini liliharibu mapafu ya watu huko pia. Mwanahistoria Howard Phillips, aliyeichunguza homa hii kwa miaka mingi, ametueleza sababu yenye uzito zaidi. Wale waliopata kwanza homa nyepesi iliyotoka Durban walibaki na kinga, na ile kali ilipowafikia haikuwaweza sana. Kimberley haikupata bahati hiyo. Ilipokea homa kali moja kwa moja, na watu wakalala chini kwa wakati mmoja, hata akakosekana wa kumpa mwenzake maji. Tena homa ile ilipenda vijana wenye nguvu, na makambi yalijaa vijana.

Sasa swali la yule kijana. Serikali ya huko ilikadiria vifo kama 140,000 kwa nchi nzima. Miaka mingi baadaye Phillips alikadiria kama 300,000. Tofauti hiyo ni kubwa, na sehemu yake kubwa ni Waafrika wa vijijini, kama vile Transkei, ambao vifo vyao havikuandikwa barabara. Maiti ya Mzungu iliingia daftarini. Maiti ya Mwafrika mara nyingi iliingia kaburini tu.

Na kwetu Tanganyika je? Vita vilikuwa vimetufilisi. Von Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wakati homa na njaa vimekwisha kuingia vijijini, na wapagazi wakirudi makwao wamedhoofu. Daftari la vifo kijijini halikuwako. Bibi yangu ndiye aliyekuwa daftari letu. Aliwahesabu kwa vidole ndugu zake waliokufa "mwaka wa homa". Akifika kidole cha nne, hufunga ngumi na kunyamaza.

Mwaka 2020, Korona ilipotufikia, nilisikia tena watu wakisema kuwa ugonjwa haubagui. Ninyi wanafunzi mlioko shuleni, mkisomewa hesabu ya vifo ulizeni mambo matatu: ni kati ya watu wangapi, ni mahali gani, na nani alihesabu. Bila hayo, hesabu inaweza kuficha watu kama kaburi lisilo na alama.

Na wewe kijana wa nyuma, ambaye sasa u mtu mzima, niwie radhi. Ukifika mkutanoni, nitakuomba usimame uulize tena. Safari hii sitakuketisha.