Historia ya dpkg na Daftari Lake

Mwaka 1993 Linux ilisafiri kwa diski laini, rundo zima la diski, na programu zake zilikuja zimefungwa pamoja na kubanwa. Kuziweka hakukuwa kazi: ulifungua tu, faili zikatawanyika kila moja mahali pake. Kuziondoa ndiko kulikowashinda watu. Moja imeingia /usr/bin, nyingine /etc, nyingine /usr/lib, na hakuna aliyeandika kipi kimekwenda wapi. Ukichoka na programu uliiacha humo humo, au uliifuta nusu, nusu ikabaki.

Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Indiana, Marekani, alitumia SLS, mkusanyo wa Linux uliovuma siku zile, na kasoro zake zikamchosha. Patrick Volkerding naye alikerwa, akairekebisha SLS hiyo hiyo hadi ikazaliwa Slackware. Murdock aliamua kuanza upya. Tarehe 16 Agosti 1993 akatangaza Debian, jina aliloliunga kwa la mpenzi wake Debra, aliyekuja kuwa mkewe, na lake mwenyewe.

Januari 1994 akaandika dpkg, programu ya kuweka na kuondoa vifurushi vya Debian. Mwanzoni ilikuwa hati fupi ya amri. Matt Welsh, Carl Streeter na yeye wakaiandika upya kwa Perl, kisha mwaka huo huo Ian Jackson akaandika sehemu yake kuu kwa lugha ya C. Kwangu mimi, jambo kubwa walilolifanya ni daftari. Fungua /var/lib/dpkg/info utalikuta: kila kifurushi kina faili yake inayoishia na .list, na ndani yake, mstari kwa mstari, kila kitu kilichowekwa na kifurushi hicho. Ni maandishi matupu, yanasomeka kwa macho. Ukiamuru kifurushi kiondoke, dpkg inafuata orodha hiyo na kufuta.

Lakini haifuti vyote. Mipangilio inaachwa, kwa sababu huenda uliihariri kwa mkono wako, na hilo ni jasho lako. Andika dpkg -l, na pembeni mwa majina utaona herufi mbili: ii, kifurushi kipo; rc, kimeondolewa ila mipangilio yake ingalipo. Anayetaka isibaki hata hiyo hutumia purge badala ya remove.



Upungufu wa dpkg ulikuwa mmoja, na uliuma. Ilijua kwamba kifurushi hiki kinategemea kile, ikakataa kuendelea, basi. Kukitafuta kile kingine ilikuwa juu yako, nacho ukikipata kinadai cha tatu. APT ndiyo iliyotua mzigo huo. Ilitoka rasmi na Debian 2.1, Machi 1999: unataja jina moja tu, yenyewe inahesabu vinavyohitajika, inavichukua ghalani na kuikabidhi dpkg iviweke kwa mpangilio.

Nguvu hiyo inafanya kazi pande zote mbili, kuweka na kuondoa. Siku moja nilitaka kuondoa Python iliyokuja na mfumo ili niweke mpya zaidi. APT ikanipangia majina ya vyote vitakavyoondoka nayo, yakajaza skrini, kisha ikauliza kama niendelee. Nikabonyeza y bila kusoma. Nilipowasha tena mashine hapakuwa na madirisha wala picha, ila maandishi meupe juu ya weusi yakiniomba jina na nywila. Kilichoniokoa ni daftari jingine, /var/log/apt/history.log: saa, amri niliyoandika, na kila jina lililoondoka. Nikachomeka waya wa mtandao na kuyarudisha majina yale, nikisoma kila moja kabla ya kuliandika. Tangu siku ile orodha ya vinavyoondoka naisoma hadi mwisho, hata kama kifurushi ni kimoja.

Murdock alifariki tarehe 28 Desemba 2015, akiwa na miaka 42. Debian 9, iliyotoka Juni 2017, ilitolewa kwa heshima yake. Ndani yake, chini ya APT, dpkg ilikuwa ingali ikiandika faili zake za .list.