Kabla hujazitupa flopi za zamani

Kuna watu hapa Songea, na pengine wewe ni mmoja wao, ambao wakipata laptopu mpya kitu cha kwanza ni kujaribu kama itaendesha programu za DOS. Wenzao huwacheka. Skrini nyeusi, maandishi meupe, kipanya hakina kazi, raha iko wapi hapo? Lakini mchezo huo una historia, na sehemu yake ni yetu.

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Zuio lilipolegea, miaka ya 1980 kuelekea 1990, dunia ilikuwa inahama kutoka mashine za kujaza chumba kwenda kompyuta za mezani, nyingi zikitumia DOS. Ofisi nyingi zetu zikatoka kwenye taipureta na kuingia DOS moja kwa moja.

Programu mbili za wakati ule uzijue. CDS/ISIS ilitolewa na UNESCO, na toleo lake la kompyuta ndogo lilitoka 1985. Maktaba na vituo vya utafiti Afrika nzima viliitumia kupanga orodha za vitabu na ripoti. Nyingine ni Epi Info, ya kituo cha CDC cha Marekani, nayo ya 1985. Toleo la 6, la 1994, lilitayarishwa pamoja na Shirika la Afya Duniani. Ilitumika kuingiza fomu za utafiti wa magonjwa na kuzichambua. Epi Info haikuwa na hakimiliki, uliruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzako. Usilichukulie hilo kirahisi. Intaneti ya kushushia programu haikuwepo, kwa hiyo programu ilisafiri kwenye begi la mtu, ndani ya basi.

Sasa kwa nini laptopu yako inazikataa? DOS iliandikwa kwa ajili ya prosesa za jamii ya 8086, za biti 16, na programu zake kwa kawaida zilipata kilobaiti 640 tu za kumbukumbu (picha moja ya simu yako haienei humo). Prosesa za baadaye zilikuwa na mlango wa nyuma wa kuendesha programu hizo ndani ya Windows ya biti 32. Prosesa ikifanya kazi kwa biti 64, mlango huo haupo tena. Ndiyo maana Windows ya biti 64 inakwambia programu haiwezi kufunguka.

Waliotuokoa ni wapenzi wa magemu. DOSBox, iliyotoka 2002, inaigiza kompyuta nzima ya zamani: prosesa, skrini, hadi kadi ya sauti. Unaandika mount c c:\isis, kisha c: na jina la programu, nayo inaamka ikidhani iko mwaka 1990. Waliitengeneza ili wacheze magemu yao. Sisi tunaweza kufungulia katalogi za maktaba.

Kazi ngumu ni flopi zenyewe. Diski ya inchi 3.5 unaweza kuisoma kwa kisomeo cha USB, ila ile pana ya inchi 5.25 inahitaji mashine ya zamani. Vumbi na ukungu wa masika huzila taratibu, kwa hiyo nakili kwanza diski nzima, ufungue baadaye. Na ukikuta majina ya wagonjwa, funga, ukaulize mwenye dhamana. Ukale hauondoi siri ya mgonjwa.

Epi Info ina faida moja kubwa: faili lake la data, lenye herufi REC mwishoni, ni maandishi ya kawaida. Hata Notepad inalifungua, na utaona alama ya mshangao mwishoni mwa mistari ya data. Lakini humo utakuta 1, 2, 9. Je, 1 ni mwanamume au mwanamke? 9 ni "hajui" au ni watoto tisa? Maelezo ya namna hiyo mara nyingi yalikaa kwenye faili jingine, lenye herufi CHK. Kwa hiyo usinakili REC peke yake, beba folda nzima. Na kama CHK haipo, tafuta fomu ya karatasi, au mtu aliyekaa kwenye kibodi akiziingiza zile namba. Wengi wa hao sasa ni wastaafu.