Riadha na Umoja wa Taifa Letu

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Waliponena hivyo walikuwa wakifikiria ngoma, miereka na mashindano ya vijana kijijini, ambako kila mchezaji alijulikana jina lake na la babaye, na mshindi alitunzwa na jamaa zake mwenyewe. Lakini mtu achezapo ugenini, mbele ya watu wasiomjua, humchezea nani, na ushindi wake ni wa nani? Swali hilo liliwakabili wanariadha wa kwanza wa Kenya, na jawabu lake ni sehemu ya historia yetu.

Mwaka 1954 nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Maelfu ya watu walikuwa vizuizini, na shule, hospitali na makao ya mjini yalitengwa kwa rangi. Nchi ilikuwa moja katika ramani tu. Katika maisha ilikuwa vipande vipande. Mwaka huo huo Nyandika Maiyoro, kijana wa Kisii, na Lazaro Chepkwony, kijana wa Nandi, walivuka bahari, wakakimbia miguu mitupu katika uwanja wa White City mjini London. Kisha wakaenda Vancouver, Kanada, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na huko Maiyoro akawa wa nne katika mbio za maili 3. Mwaka 1956 Kenya iliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne. Maiyoro akawa wa saba katika mita 5,000. Hakurudi na medali, lakini mlango alikwisha kuufungua.

Aliyefuata kupita mlangoni hakuwa mtu wa milimani. Seraphino Antao alizaliwa Mombasa, na asili ya wazazi wake ilikuwa Goa. Mwaka 1962, mjini Perth, Australia, alishinda yadi 100 na yadi 220, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hapana budi kulitafakari jambo hilo, kwa maana siku zile wengi walikuwa wakiulizana ni nani atakayehesabiwa kuwa Mkenya uhuru utakapokuja. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Tokyo, bendera yetu mpya ilibebwa na Antao huyo huyo, na Wilson Kiprugut, askari kutoka Kericho, akapata shaba katika mita 800. Hiyo ndiyo medali yetu ya kwanza ya Olimpiki.

Kisha ukaja mwaka 1968, na mji wa Mexico. Tarehe 13 Oktoba Naftali Temu alishinda mita 10,000, na wimbo wetu wa taifa ukapigwa kwa mara ya kwanza kwa heshima ya bingwa wa Olimpiki. Katika mbio hizo hizo Kipchoge Keino, afisa wa polisi, alianguka kwa maumivu ya nyongo. Mtu mwingine angalilala kitandani. Keino alirudi uwanjani, akapata fedha katika mita 5,000. Ilipofika siku ya mita 1,500, yasimuliwa kwamba gari lake lilikwama njiani kwa wingi wa magari, naye akashuka akakimbia hadi uwanjani. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma kiasi cha mita 20. Amos Biwott naye akashinda mbio za kuruka viunzi na maji. Kwa jumla Kenya ilirudi na medali 9.

Walikuwako waliosema kwamba ushindi ule ulitokana na hewa nyepesi tu, kwa kuwa Mexico iko juu sana kama kwetu. Wamesahau kwamba Keino alikuwa amekwisha kuvunja rekodi za dunia za mita 3,000 na 5,000 mwaka 1965, huko Helsingborg na Auckland, miji iliyo kando ya bahari. Mlima haukimbii, akimbiaye ni mtu, tena mtu aliyeamka alfajiri akafanya mazoezi siku nenda siku rudi.

Lakini medali inayonipendeza kuliko zote za mwaka ule ni ya fedha: ile ya kupokezana vijiti, mara nne mita 400. Daniel Rudisha alikuwa Mmaasai, Naftali Bon Mnandi, Munyoro Nyamau na Charles Asati Wagusii. Katika mbio hizo hakuna ashindaye peke yake, na mwenye kasi kuliko wote hafaidi kitu kijiti kikianguka. Huku nyumbani watu walikusanyika penye redio, na aliyeuliza habari aliuliza, "Tumeshindaje?" Neno hilo dogo, "tu-", halikuwa jepesi kutamkwa miaka kumi na minne kabla.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba mchezo pekee huunda taifa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya waligeukiana kwa makabila yao, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Miongoni mwao alikuwa Lucas Sang, aliyeikimbilia Kenya mbio za vijiti huko Seoul mwaka 1988. Aliuawa karibu na Eldoret. Medali zote za miaka arobaini hazikumkinga. Miezi michache baadaye, Agosti 2008, mjini Beijing, Pamela Jelimo wa Nandi alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki, na Samuel Wanjiru wa Nyahururu Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Majirani waliokuwa wamekimbiana mwezi Januari waliwashangilia wote wawili.

Basi, furaha ile ilikuwa ya kweli au ya uongo? Naona ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa fupi. Mkimbiaji hutuonyesha kwa dakika chache jinsi tuwezavyo kuwa. Hawezi kutufanyia kazi ya kuwa hivyo kila siku. Kazi hiyo hufanywa sokoni, shuleni, kazini na katika kituo cha kupigia kura, mahali pasipo na mtazamaji wala medali. Maiyoro alimwachia Antao kijiti, Antao akamwachia Kiprugut, na Kiprugut akawaachia Temu na Keino, wala hakuna aliyeuliza mwenzake ni wa kabila gani kabla ya kunyosha mkono. Enyi vijana msomao haya, kijiti sasa ki mikononi mwenu. Kishikeni barabara.