Ufungaji wa vioo katika madirisha ya mbao ya zamani

Ufungaji wa vioo katika madirisha ya mbao ni kazi ya kukishikiza kioo ndani ya fremu kwa misumari midogo au vipande vya chuma, kisha kuziba ukingo wake kwa puti. Makala hii inahusu hasa uchaguzi wa vifaa kwa ajili ya madirisha ya zamani, ambayo mbao zake zimekauka na vioo vyake ni vyembamba, kiasi kwamba pigo moja baya la nyundo linaweza kupasua kioo kilichodumu miaka mingi.

Historia fupi

Nyumba nyingi za zamani za pwani ya Afrika Mashariki zilikuwa na madirisha ya shata za mbao au nondo, bila kioo. Huko bara vioo vilienea pamoja na majengo ya serikali za kikoloni, misheni, mashamba ya mkonge na stesheni za reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ni mojawapo ya miji iliyokua kandokando yake.

Vioo vya wakati ule vilitengenezwa kwa kupulizwa au kuvutwa, ndiyo maana ukivitazama kwa pembeni unaona mawimbi. Kuna imani kwamba kioo hutiririka polepole hadi kikawa kinene upande wa chini. Si kweli. Kioo hakitiririki katika joto la kawaida. Unene usio sawa umetokana na utengenezaji wake. Kioo laini kabisa cha siku hizi hutengenezwa kwa kuelea juu ya bati iliyoyeyushwa, njia iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959. Tanzania ilizindua kiwanda cha vioo vya aina hiyo huko Mkuranga, Mkoa wa Pwani, mwaka 2023.

Kwa nini kifaa kina maana

Mjini kioo kikipasuka fundi huenda dukani na kurudi baada ya saa moja. Mambo ni tofauti kwa mtu wa kijijini, kwa mfano katika kata ya Zombo, Wilaya ya Kilosa. Yeye hukifuata kioo Kilosa au Mikumi mjini, kikakatwa kwa kipimo alichokwenda nacho, kikafungwa kwa maboksi na kurudishwa kwa basi au bodaboda. Kikivunjika wakati wa kupigilia msumari wa mwisho, safari yote inaanza upya, na mvua za masika hazimsubiri. Kwa hiyo kipimo kichukuliwe kwa makini: urefu na upana wa kioo viwe pungufu ya nafasi ya fremu kwa milimita 3 hivi, kwa sababu mbao huvimba wakati wa mvua na zikikibana kioo hukipasua.

Misumari na pembetatu

Wengi hudhani puti ndiyo inayoshika kioo. Kazi ya puti ni kuzuia maji na upepo; kinachoshika ni chuma kilicho chini yake. Dirisha lililowekwa puti peke yake litakaa vizuri mwaka wa kwanza, kisha puti itakauka na kupasuka, na siku ya upepo kioo kitaanguka, labda juu ya kichwa cha mwanafunzi aliyekaa chini yake.

Kuna aina mbili kuu za vishikizo. Ya kwanza ni misumari midogo isiyo na kichwa, ya kama nusu inchi hadi robo tatu inchi, iliyozoeleka katika ujenzi wa Kiingereza. Isipopatikana, msumari mwembamba hukatwa kichwa kwa plaizi. Ya pili ni vipande bapa vya pembetatu vya zinki au chuma, ambavyo ncha yake moja huzama kwenye mbao na sehemu iliyobaki hulala juu ya kioo. Kwa mbao ngumu zilizokauka, kama mninga au msaji, msumari ni bora, kwani pembetatu laini hupinda kabla ya kuingia. Kwa mbao laini, pembetatu hushika eneo kubwa zaidi na haipasui mbao. Vyovyote vile viwekwe viwili au zaidi kila upande, kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20.

Kifaa cha kupigilia

Nyundo ya kawaida ya seremala ni nzito mno, na kichwa chake cha mviringo hakiwezi kulala sambamba na kioo. Inayofaa ni nyundo nyepesi yenye ubavu bapa, au patasi pana ya zamani isiyohitaji tena makali. Patasi hulazwa juu ya kioo na kuteleza juu yake, ubavu wake ukigonga msumari. Haiinuliwi hewani hata mara moja. Chini yake huwekwa kipande cha boksi gumu. Fundi mwenye subira atamaliza kazi yote kwa patasi hii, wala hana haja ya kununua kingine.

Pembetatu zenyewe husukumwa kwa bisibisi pana au kisu cha puti badala ya kugongwa. Zipo pia bastola za springi zinazopiga pembetatu moja baada ya nyingine. Zinafaa kwa mwenye madirisha mengi, mathalani jengo zima la shule. Kwa vioo viwili vitatu ni gharama ya bure, tena kwenye mbao ngumu mrusho wake hupotoka na kugonga kioo.

Kuondoa puti ya zamani

Hatua hii huvunja vioo vingi kuliko kupigilia. Puti ngumu hubanduliwa kidogokidogo kwa kisu kigumu kinachogongwa taratibu, ncha ikielekea kwenye mbao. Moto wa wazi usitumike, maana kioo kikipata joto upande mmoja hupasuka. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, hivyo zisipigwe msasa zikiwa kavu. Zilowanishwe kwanza, na watoto wakae mbali.

Puti na rangi

Puti ya asili ni unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani. Kabla ya kuiweka, mbao tupu hupakwa mafuta hayo au rangi ya kwanza, la sivyo zitanyonya mafuta ya puti na kuiacha ikipukutika. Tabaka jembamba hutandikwa chini ya kioo, kioo hukandamizwa juu yake kwa kingo na si katikati, ndipo vishikizo hupigiliwa na puti ya nje kuwekwa kwa mteremko. Silikoni hutumika sana siku hizi. Hushika haraka, lakini nyingi hazishiki rangi, na kioo kikija kuvunjika ni taabu kuibandua bila kuumiza fremu.

Puti huachwa wiki moja hadi mbili igande juu, kisha hupakwa rangi ya mafuta ambayo huvuka hadi juu ya kioo kwa milimita 2 hivi, ili maji yasipenye kwenye maungio.