Ebla

Ebla ni mhusika mkuu wa From a Crooked Rib, riwaya fupi ya Nuruddin Farah iliyochapishwa na Heinemann mwaka 1970. Farah, Msomali aliyezaliwa Baidoa mwaka 1945, aliiandika kwa Kiingereza akiwa mwanafunzi nchini India. Kisomali hakikuwa na hati rasmi hadi 1972. Jina la kitabu linatokana na masimulizi ya mwanamke kuumbwa kwa ubavu uliopinda, ambao anayejaribu kuunyoosha huuvunja.

Ebla ni yatima anayelelewa na babu yake kambini kwa wafugaji, miaka ya mwisho ya utawala wa Waitaliano kabla ya uhuru wa 1960. Babu anakubali posa ya Giumaleh, mtu wa makamo. Msichana anatoroka usiku na kufuata msafara hadi Beledweyne, kwa binamu yake Gheddi. Huko anageuzwa mtumishi wa mke aliyejifungua, kisha Gheddi, baada ya kupata hasara katika magendo, anamwahidi mwanamume mwingine. Ebla anatoroka tena, safari hii na kijana Awill, hadi Mogadishu, wanakooana.

Msomaji wa Garissa, ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, hahitaji kufafanuliwa mengi. Mahari ya ngamia, aqal, nyumba ya kuhamishika ambayo wanawake ndio huijenga, huibomoa na kuipakia, wasichana kuachiwa mbuzi na kondoo huku ngamia wakichungwa na vijana wa kiume: hayo yanajulikana kuanzia Ijara hadi Mandera. Mpaka wa wakoloni uligawa malisho, haukugawa desturi.

Katika hadithi nyingi za msichana aliyevunja ungo, tamaa hutangulia na adhabu hufuata. Kwa Ebla ni kinyume. Maumivu yalianza utotoni, kwa kukeketwa na kushonwa, na usiku wa kwanza na Awill unayarudisha yote, pamoja na nguvu anazotumia mwanamume huyo. Farah halipambi tukio hilo. Mwamko wa Ebla unakuja baadaye, naye anaupata kwa kufikiri: anatambua kwamba mwili wake umekuwa ukipangiwa bei na watu wengine, basi anaamua kuupangia mwenyewe.

Awill anakwenda Italia kwa masomo, na Ebla anaiona picha yake akiwa na mwanamke wa Kizungu. Kwa msaada wa mama mwenye nyumba, Asha, anaolewa kwa siri na Tiffo, mtu mwenye mali na mke tayari. Mambo yanapofichuka, anamwambia Tiffo kwamba kama yeye ana mke mwingine, Ebla naye ana mume mwingine, hivyo wako sawa. Kisheria na kidini hoja hiyo haisimami hata dakika moja. Lakini ndiyo kilele cha kitabu, maana hapo ndipo aliyekuwa akihesabiwa pamoja na mifugo anapoanza kuhesabu yeye.

Si kila ukurasa unaridhisha. Mara nyingine mawazo ya Ebla yananuka chuo kikuu kuliko maziwa ya ngamia. Farah aliirudia mada hii kwa ukomavu zaidi katika Sardines (1981), ambamo Medina anapambana kumkinga bintiye Ubax asikeketwe kwa matakwa ya bibi.

Upande wa Kenya, sauti iliyo karibu zaidi ni ya Maryam Sheikh Abdi, Msomali wa Kaskazini Mashariki, katika shairi lake The Cut, linalosimulia ukeketaji wa mtoto wa miaka sita. Hapa msimulizi ni mwanamke mwenyewe, na tofauti inasikika. Abdi pia alifanya utafiti na shirika la Population Council, na mwaka 2008, pamoja na Ibrahim Lethome Asmani, alitoa kitabu kinachotenganisha ukeketaji na Uislamu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake: katika utafiti wa kitaifa wa 2014, takribani asilimia 98 ya wanawake wa eneo hilo walikuwa wamekeketwa, ikilinganishwa na asilimia 21 nchini kote, ingawa sheria ya 2011 ilikuwa imepiga marufuku desturi hiyo kwa wasichana na wanawake wote.

Riwaya inaisha Awill akiwa amerejea na Ebla akimpokea. Kuna wanaoona hapo ameshindwa. Wengine wanakumbusha kwamba safari hii mlango ameufungua mwenyewe, akijua anachokifanya.