Ordinatere mbili, namba moja: kwa nini moja inakawia?

KALUNGUTA – Baba mmoja aliyekimbia mapigano na kupata makao hapa kwetu aliuza mbuzi wake watatu wa mwisho, ili kijana wake anayesoma Butembo apate ordinatere ya mukono wa pili. Muuzaji alimuonyesha mashini mbili zenye namba moja ya kasi ya prosesa. Akachukua ile ya bei ya chini. Leo mashini hiyo inakawia hata kufungua kazi ya masomo. «Mwandishi, nilidanganywa?» akaniuliza.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, jibu liko katika historia ya mashini hizi.

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu, lakini vitu vya kuhesabu vinakaa katika memori. Visipofika haraka, prosesa inakaa bure ikingoja. Familia zilizohama zinaelewa jambo hili vizuri: mikono ni ile ile, jembe ni lile lile, lakini shamba likibaki mbali, nusu ya siku inaishia njiani.

Mwaka 1965, Maurice Wilkes wa chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliandika juu ya kuweka memori ndogo ya haraka karibu na prosesa, ishike vitu vinavyotumiwa mara kwa mara. Ni kama kuwa na ghala ndogo karibu na jiko: huendi shambani kila unapopika. Mwaka 1968, kampuni ya IBM ilitangaza System/360 Model 85, ordinatere ya kwanza ya biashara yenye memori ya namna hiyo. Ikaitwa kashe. Mwaka 1989, Intel iliweka kashe ya kilobaiti 8 ndani ya prosesa yake ya 486.

Kashe ilileta faida kubwa, lakini ilivuruga vipimo vya kasi. Mwaka 1984, Reinhold Weicker alitoa kipimo kilichoitwa Dhrystone. Programu yake ni ndogo sana, hata inaingia yote ndani ya kashe. Basi mashini inaonekana hodari, kwa sababu wakati wa jaribio haikwendi kabisa kwenye memori ya mbali. Ukiipa kazi kubwa ya kweli, mwendo unashuka.

Mwaka 1988, makampuni yaliunda shirika la SPEC ili kupima kwa programu za kazi halisi. Hata huko mambo yaliharibika. Moja ya programu zao 10 za kwanza, matrix300, ilifanya karibu kazi yake yote katika mstari mmoja tu. Wataalamu walipanga upya hesabu hiyo ikatwe vipande vinavyoenea katika kashe, na matokeo ya mashini moja ya IBM yakapanda karibu mara 9. Prosesa haikubadilika hata kidogo! Katika vipimo vya mwaka 1992, matrix300 iliondolewa.

Mfano unaofanana na ule wa baba yetu ulitokea mwaka 1998. Intel iliuza Celeron ya megahezi 300 isiyo na kashe ya ngazi ya pili. Mwezi wa 8 mwaka huo ikatoa Celeron 300A, megahezi 300 vilevile, lakini yenye kashe hiyo ya kilobaiti 128. Namba moja, nguvu tofauti. Na miaka michache kabla ya hapo, mashini fulani za 486 ziliuzwa zikiwa na vipande vya plastiki tupu vilivyobandikwa mahali pa kashe. Huo ulikuwa wizi.

Kwa hiyo, baba, namba uliyoonyeshwa inaweza kuwa ya kweli. Lakini haikusema yote.

Mashini nyingi zinazofika Butembo zimekwisha kutumika ngambo. Kabla ya kutoa pesa, fanyeni hivi. Kwanza, ulizeni memori ni gigabaiti ngapi: ikijaa, ordinatere inaanza kutumia diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Pili, linganisheni ukubwa wa kashe, si gigahezi tu. Tatu, ombeni mashini izimwe kabisa na iwashwe upya mbele yenu. Programu iliyofunguliwa asubuhi inafunguka haraka mara ya pili, kwa sababu imebaki katika memori. Msihesabu mwendo huo. Nne, kijana aje na kazi yake mwenyewe kwenye kifunguo cha USB, aifungue pale pale. Kipimo kinachofaa kuliko vyote ni kazi ile mtakayoifanya kila siku.

Muuzaji akikataa, ondokeni polepole bila ugomvi. Mbuzi akisha kuuzwa harudi.