Waliotazama Nyota Kutoka Uvira

Jioni za mwezi wa sita, tukisimama ukingoni mwa Ziwa Tanganika hapa Uvira, twaona jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawalipati: Msalaba wa Kusini upande mmoja, Dubu Kubwa upande wa pili. Ndiyo faida ya kukaa karibu na ikweta, kwa digrii 3 na dakika 24 tu upande wa kusini. Lakini waseminari wakianza somo la nyota hutuuliza: Padri, pasipo teleskopi tutajifunza nini? Tumeona vema kuwajibu kwa historia ya ukingo huu wenyewe.

Waingereza Burton na Speke walifika ziwani mwezi wa Februari 1858. Speke, aliyekuwa mpimaji wa safari, macho yalikuwa yamemwuma hata hakuliona vizuri ziwa lenyewe. Tarehe 26 Aprili wakaingia Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua neno moja: Ruzizi inatoka ziwani, ama inaingia? Kama ingetoka kwenda kaskazini, labda ndiyo Nili. Wana watatu wa sultani Maruta wakawaambia wazi kwamba inaingia. Watu wa mitumbwi wakakataa kwenda mbele, basi wageni wakarudi pasipo kuuona mdomo wa mto.

Walipima pia urefu wa ziwa juu ya bahari, kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, maana mahali palipoinuka maji huchemka mapema. Chombo chao kilikuwa kimeharibika. Walipata kama mita 560; kumbe ziwa liko karibu na mita 770. Kosa lile likaingia katika ubishi wa Londoni juu ya Nili. Wana wa Maruta hawakuwa na kipimajoto, lakini neno lao ndilo lililokuwa la kweli.

Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwea tena kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona kwa macho yao maji ya Ruzizi yakiingia. Hapo tukae kidogo, kwa sababu Livingstone alikuwa mtu wa nyota. Kujua umbali kutoka ikweta si shida: unapima kimo cha nyota inapofika juu kabisa. Shida ni kujua umbali upande wa mashariki ama magharibi, maana hapo unahitaji kujua ni saa ngapi mahali pengine, mbali, kwa nukta ile ile. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Ukikosea dakika 4 huku kwetu, umekosea kilometa 111. Na mwaka 1867 mpagazi aliyechukua saa za Livingstone alianguka, saa zikapotoka, na ramani yake ikapotoka nazo.

Fundi wake alikuwa Thomas Maclear, mkubwa wa nyumba ya kutazamia nyota huko Kepi, Afrika ya Kusini. Ndiye aliyemfundisha kipimo cha sekstanti mwaka 1852, na kwa miaka mingi Livingstone alimpelekea hesabu zake azisahihishe. Tazama basi: jicho liko porini, hesabu iko Kepi, na katikati barua inayotembea miezi.

Wengine walipima nyota kwa nia nyingine. Mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza mpaka kwa mstari ulionyoka, toka ncha ya kaskazini ya Tanganika mpaka mahali ambapo mstari wa digrii 30 mashariki unakutana na digrii 1 na dakika 20 kusini. Nani aliyekuwa ameuona mstari huo? Hakuna. Von Götzen alifika Ziwa Kivu mwaka 1894 tu. Na kwa mstari ule Kivu lote lingalikuwa la Kongo. Wadachi wakakataa. Mwaka 1899 Hecq na Bethe wakapatana kwa muda, kisha tume za pande mbili zikaja na vyombo vya nyota. Mtaalamu wa nyota Ernst Lamp, wa Kiel, alifariki katika kazi hiyo mwaka 1901. Mwaka 1910 mpaka ukawekwa kwenye Ruzizi na katikati ya Kivu. Wafuliiru, Wavira na Warundi waliokuwa wakivuka mto kila siku hawakuulizwa. Na hata kama wangaliulizwa, hawakuwa na njia ya kusahihisha hesabu zile. Ni hilo linalotuuma zaidi katika historia hii.

Leo njia ipo. Mwaka 1993 chuo cha Bradford, Uingereza, kilianza kupokea maombi kwa intaneti: mwanafunzi anaandika nyota anayoitaka, masini inaitazama usiku, asubuhi anapata picha. Baadaye tajiri Dill Faulkes alijenga teleskopi mbili kwa ajili ya shule, moja Hawaii, moja Australia, kila moja na kioo cha mita 2. Sasa ziko katika jamii ya Las Cumbres, yenye teleskopi nyingine Sutherland, Afrika ya Kusini. Tena Kepi, tungesema. Wanafunzi wa nchi nyingi wanapima nyota zinazobadilika mwangaza, ama wanatafuta mawe yanayozunguka jua. Mwalimu ndiye anayeomba saa. Ombi lenyewe ni maneno machache, linapita hata kwa simu ya Uvira umeme ukikatika. Picha ndizo nzito.

Lakini masini haisamehi mtu asiyeandika saa vizuri. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote. Tulisimama na vijana ukingoni, na mwezi ukaingia kivulini kabisa saa moja na nusu ya jioni. Wawili waliandika nukta ile kwa saa zao za mkononi, wakatofautiana dakika mbili. Tukafanya hesabu kwa namna ya Livingstone: dakika mbili ni nusu digrii, kilometa 55. Kwa saa ya mmoja tulikuwa Uvira. Kwa saa ya mwenzake tulikuwa tumevuka Ruzizi, tuko katika milima ya Burundi, pasipo pasipoti.